Hela ya Kuokota Hailali

Rwamgasa kila mtu anatafuta kitu kilicho chini ya ardhi. Watu wanachimba, wanapasua mawe, wanayasaga kwenye karasha, wanayaosha, na wakikosa wanahamia shimo lingine na kuanza upya. Katika miaka yote niliyokaa kule nikiuza mabuti na tochi za wachimbaji, nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiangalia juu ya ardhi, na sina shaka alikuwa na furaha kuliko wengi wetu. Alikuwa mwenye nyumba wangu. Tulimwita Mama Mwenye Nyumba, wapangaji na wasio wapangaji, hata muuza maji ambaye hakuwa na shida yoyote na nyumba ile.

Alikuwa akiokota hela. Nazungumzia sarafu zilizodondoka mifukoni mwa watu, zile ambazo wewe na mimi tunazipita tukiwahi mambo makubwa. Nikimwambia anazitafuta, anakataa. "Mimi sitafuti, Baba Neema. Mimi natembea tu. Zenyewe ndizo zinanisubiri njiani." Basi alitembea. Kila asubuhi, kabla wauza chai hawajawasha majiko, alijifunga kitenge, akaweka mikono nyuma, akapinda shingo kidogo upande wa kulia na kuanza safari yake: mbele ya baa, nyuma ya baa, chini ya meza za wauza chipsi, kijiwe cha bodaboda, kisha barabara ya kwenda kwenye karasha. Kwa mwendo ule ungedhani ni mkaguzi wa barabara aliyetumwa na wilaya.

Sarafu hakuziita kwa thamani zake. Aliziita kwa wanyama waliochorwa juu yake: hamsini ilikuwa faru, mia ilikuwa swala, mia mbili simba, na mia tano nyati. Aliporudi uani tulimsikia akitangaza mawindo yake. "Leo swala wawili na simba." Kuna mpangaji mgeni aliyemsikia siku moja akisema amempata nyati nyuma ya baa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama watu wa maliasili wana habari. Nilimwambia wana habari, ila wameamua kumwachia bibi wa watu.

Kuokota kwenyewe kulikuwa na taratibu. Kwanza aliikanyaga ile sarafu, ili mwenye haraka asije akamwahi. Kisha aliangalia huku na huku na kuuliza kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Nani kaangusha?" Alisubiri kidogo. Akitokea wa kusema ni yake, alihojiwa hapo hapo: mnyama gani, kaidondosha saa ngapi, mfuko upi umetoboka, hebu tuuone. Waongo wa Rwamgasa walikoma mapema. Asipotokea mtu, aliinama huku akiguna, akaifuta kwenye kitenge na kusema "wabeja", ambayo ndiyo asante ya Kisukuma. Nilimuuliza siku moja anamshukuru nani. Akasema, "Aliyetoboka mfuko."

Na hela hiyo ilikuwa na sheria. Haikulala. Yaani iliyookotwa leo ililiwa leo, tena ilinunua kitu cha kutafuna, na kililiwa na yeyote aliyekuwepo. Hakuichanganya na hela nyingine hata kwa bahati mbaya. Aliishika mkononi mpaka dukani. Simba mmoja alikuwa karanga. Nyati alikuwa maandazi, au miwa iliyokatwa vipande, au michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha kutoka kwa mama mmoja wa kona. Vilimwagwa kwenye ungo katikati ya uwanja, na aliyepita alichota. Nimewahi kula nusu andazi la hela ya kuokota nikiwa nimeshiba ubwabwa, na nakiri lile andazi lilikuwa tamu kuliko ubwabwa.

Nimewahi kujiuliza furaha ile ilitoka wapi, maana shida hakuwa nayo. Vyumba vyake vyote vilikuwa na watu, na kodi aliikusanya hadi senti ya mwisho. Nimefikia uamuzi wangu mwenyewe. Mtu akipokea mshahara, kwanza anaangalia kama umetimia. Akipewa zawadi, anawaza atairudishaje. Akishinda kesi, kuna aliyeshindwa anayemwangalia vibaya. Lakini akiokota mia mbili hana la kuwaza. Hakuiomba, hakuitolea jasho, na aliyeipoteza hata hajajua. Ni kama dunia imekukonyeza. Mimi mwenyewe, tangu nimjue yule mama, nikiokota hata faru natembea siku nzima nimenyoosha mgongo.

Yeye alieleza kwa njia yake. Marehemu mumewe alikuwa mchimbaji. Alipata dhahabu mara moja, akajenga nyumba ile ile tuliyopanga, halafu akatumia umri wake wote uliobaki kuitafuta ya pili. "Mwanamume yule alirudi kila jioni amekasirika," aliniambia huku akimenya karanga. "Hata siku za kupata kidogo alikasirika, kwa kuwa si kingi. Mimi nikasema yaya, yaani hapana. Mimi nitafurahia kile ambacho sikukitarajia."

Usidhani kwa hayo kwamba alikuwa laini. Kwenye kodi alikuwa chuma. Mchimbaji mmoja wa chumba cha jirani yangu, jina lake Masanja, aliwahi kuchelewa kulipa, akapiga chenga, akatoka alfajiri na kurudi watu wamelala. Siku moja alirudi akakuta mlango haupo. Mama Mwenye Nyumba alikuwa ameung'oa na bawaba zake na kuufungia chumbani kwake. Jioni hiyo hiyo alimletea Masanja karanga za hela ya kuokota, akakaa naye pale pasipo na mlango, wakapiga soga mpaka giza likaingia. Masanja alidhani amesamehewa.

"Mama, sasa mlango nauchukua?"

"Mlango ni wa kodi, ng'wanawane, mwanangu. Karanga ni za kuokota. Usivichanganye."

Alilala bila mlango mpaka alipolipa.

Huyu Masanja inabidi nimweleze, kwa sababu anakuja mbele. Alikuwa kijana mwenye mabega, anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwa kamba ambayo mimi nisingefungia mbuzi. Lakini nje ya shimo aliogopa kila kitu: paka, bundi, mgeni asiyeitikia salamu, na hasa ndagu. Kwa asiyejua, ndagu ni ile dawa inayosemwa kuleta utajiri kwa masharti mabaya, na huku machimboni inaaminiwa kuliko taarifa ya hali ya hewa. Wapo wanaosema mwenye ndagu huacha hela njiapanda makusudi, na anayeiokota anabeba mkosi wake. Kwa hiyo wachimbaji wengi hawaokoti hela. Wataipita noti wakiitazama kwa uchungu. Nadhani hilo ndilo lililomfanya Mama Mwenye Nyumba afaulu kiasi kile: alikuwa akiwinda mahali ambapo wenzake wote wameogopa kuingia.

"Mama, acha hiyo," Masanja alimwambia siku moja mbele yangu, alipomkuta ameikanyaga hamsini. "Hiyo ni ndagu."

"Ndagu gani ya shilingi hamsini? Mganga mwenyewe angeona aibu."

Kwa miezi mingi kabla ya kisa cha mlango, Masanja hakugusa ungo ule. Watu wakitafuna, yeye alikaa mbali akimeza mate. Kisha duara lao likagoma, wakachimba wiki baada ya wiki bila kutoa kitu, na hata unga ukamwishia. Jioni moja nikamwona anasogea, anasogea, akachota karanga chache, akazitafuna amefumba macho. Akasubiri. Hakufa. Akachota tena. Baadaye alikuwa wa kwanza kuuliza, "Mama, leo vipi, hakuna mnyama?"

Vijana wa pale uani walimpenda na kwa hiyo walimtania. Waliwahi kugandisha sarafu ya mia kwa saruji kwenye kizingiti, wakajificha nyuma ya tangi la maji waone atafanya nini. Aliikanyaga, akauliza nani kaangusha, akainama, akavuta. Haikutoka. Alikwenda chumbani kwa Masanja, akachukua patasi na nyundo yake ya kazini, akarudi, akaichimbua na kipande cha saruji kikiwa kimeng'ang'ania, akaenda nayo dukani vivyo hivyo. Karanga zikaliwa. Mwisho wa mwezi kila mmoja wa vijana wale alikuta kodi yake imeongezwa gharama ya kukarabati kizingiti.

Kanisani alikuwa na adabu ya kujilazimisha. Sarafu ikidondoka wakati wa sadaka ni ya kapu, alijua hivyo, na aliirudisha, lakini nilikuwa nikikaa nyuma yake na niliona jinsi mguu ulivyomtangulia. Na simu alizichukia. Hakuzichukia za kuongelea. Alichukia za kutumia hela. Watu walipoanza kulipana kwa simu hata kwenye baa na kwa wauza chipsi, mawindo yalipungua, naye alilalamika kama mfugaji aliyekosa malisho. "Hela ya simu haidondoki. Sasa ina raha gani?"

Noti kubwa hakuzipenda pia, na hapo ndipo wengi walishindwa kumwelewa. Aliwahi kukuta bunda la hela limefungwa kwa mpira karibu na karasha. Hakuliokota. Alilikalia. Alitandika kitenge juu yake, akakaa juani kuanzia asubuhi, akawaambia waliomuuliza kwamba miguu inamuuma. Mchana ukapita. Jioni akatokea mwanamume mmoja, mnunuzi wa mawe, anatembea huku analia waziwazi na kupekua nyasi. Mama akamuuliza limefungwa na nini, akajibu mpira mwekundu, Mama akanyanyuka akampa. Yule bwana alitaka kumzawadia, akakataa kabisa. Alirudi nyumbani amenuna.

"Mama, si umefanya jambo jema?"

"Jema ndiyo. Lakini siku nzima imeharibika. Ile haikuwa hela ya kuokota, ile ilikuwa kazi." Akavua ndala na kuzitupa pembeni. "Hela inayomliza mtu si ya kuokota, Baba Neema. Hiyo ni ya kulinda tu."

Sasa nifike kwenye macho, maana huko ndiko furaha yote hii ilikokaribia kuzama.

Sikumbuki ilianza lini. Aliyegundua kwanza ni Masanja. Aliniambia kwamba Mama amempita simba palepale kwenye kizingiti, mchana kweupe, na hakumwona. Nikasema labda aliwaza mambo mengine. Kisha nikaanza kuangalia mwenyewe. Alikuwa akiokota vifuniko vya soda. Alikanyaga, akauliza nani kaangusha, akainama, akashika, akakigeuza kidogo kwa vidole, kisha akakitia kwenye pindo la kitenge kana kwamba ni hela, ili tuliokuwa tukimtazama tusijue. Siku hizo hakukuwa na karanga, na hakuna aliyeuliza. Iliniuma sana kuona vile. Mtu aliyekuwa akitangaza mawindo yake mpaka kwa majirani sasa aliingia uani kimya na kwenda moja kwa moja chumbani.

Ukungu mweupe ulikuwa umemwingia machoni, na wekundu juu yake, wa miaka mingi ya moshi. Binti yake aliyeolewa Mwanza alimpigia simu na kumsihi akafanyiwe upasuaji. Mimi nilimsihi. Mganga wa zahanati alimweleza kwamba ni jambo dogo, wanafanya kila siku. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukiniambia jino, nakuja kesho," akamjibu. "Jicho si jino."

Aliogopa kisu, hilo lilikuwa wazi, na hakulificha. Badala yake akagundua njia yake. Akihisi mahali pana dalili, alichutama, akachota udongo kwa kiganja, akaupembua kwa vidole. Vidole vilikuwa bado vizima. Aliweza kutambua swala na simba kwa kupapasa tu. Mawindo yakarudi kidogo, na karanga zikarudi. Sote tulifurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jambo hilo linaonekanaje kwa mtu asiyemjua.

Na wasiomjua walikuwa wengi, maana machimbo yanaleta wageni kila wiki. Mgeni aliona nini? Aliona bibi mwenye macho mekundu, alfajiri, peke yake, amechutama kwenye njia wanayopita wachimbaji kwenda kwenye maduara, anachota udongo waliokanyaga. Huku kwetu hilo lina jina. Ni kuchota nyayo. Watu wanaamini kwamba mchawi akichota udongo wenye unyayo wako amechota na bahati yako, pengine na uhai wako. Na huku kwetu, bibi akishapewa sifa hiyo, si mambo ya kucheka. Kila mtu wa Shinyanga au Geita ana bibi mmoja wa kijijini kwao ambaye hadithi yake haisimuliwi wakati wa kula.

Nililisikia kwanza dukani kwangu. Mteja alikuwa anajaribu mabuti huku akiongea na mwenzake, wala hakujua napanga wapi. Alisema duara lao limekauka tangu yule bibi aanze kuchota. Mwenzake akasema basi dawa yake inajulikana. Niliwauzia mabuti, nikafunga duka.

Wiki ile wapangaji wawili walihama bila kuaga. Muuza maji akaanza kushusha madumu nje ya geti badala ya kuingia. Mama Mwenye Nyumba hakuwa mjinga. Alinisikiliza nilipomweleza, kisha akauliza swali moja tu.

"Walisema mimi, au walisema bibi tu?"

"Walisema bibi wa nyumba ya bati la bluu."

Bati la bluu lilikuwa letu. Kesho yake asubuhi hakutoka. Wala kesho kutwa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwake, mikono imelala mapajani, uso ameuelekeza kule njia iliko.

Jumapili mchana wakaja. Hawakuja na kitu mikononi, nashukuru kwa hilo, lakini walikuja wengi, wachimbaji wa duara lile lililokauka na watazamaji wao, wakajaa uani. Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, akasema wanataka tu kuongea na bibi. Mama akatoka. Akasimama kwenye kizingiti. Bwana yule akamuuliza udongo anaupeleka wapi.

"Naurudisha chini," Mama akasema. "Nautafutia hela. Macho hayaoni."

Watu wakaguna. Hakuna aliyeamini, na kusema kweli, kama ningekuwa mgeni, hata mimi ningeona ni jibu la ajabu. Nikasogea mbele niseme jambo, ingawa sikujua nitasema nini. Ndipo Masanja akanipita. Alikuwa ametoka kuoga, kifua wazi, miguu mitupu na bado ina maji. Akakanyaga vumbi katikati ya uwanja, akaacha unyayo mkubwa wa kutosha kila mtu auone. Akachutama, akauchota wote kwa viganja viwili, kisigino na vidole, akaenda akaumimina mikononi mwa Mama.

"Haya, Mama, chukua. Huo ni wangu mimi Masanja, na wote mmeona. Kesho naingia duarani."

Masanja, jamani, aliyekuwa akiogopa paka. Mama Mwenye Nyumba naye akabaki ameshika ule udongo, kisha, kwa mazoea tu nadhani, vidole vyake vikaanza kuupembua. Vikasimama. Akatoa kitu, akakifuta kwenye kitenge, akakisogeza puani.

"Nani kaangusha?" akauliza. "Swala."

Aliyecheka kwanza alikuwa yule bwana wa kofia. Hakutaka, ilimtoka tu, na ikishatoka kwa mkubwa inatoka kwa wote. Mmoja wao akadai ile mia ni yake, akaulizwa mfuko upi umetoboka, hebu tuuone. Wakaondoka wakisukumana. Kesho yake Masanja akaingia duarani na kutoka salama, na kesho kutwa tena, na mpaka leo naambiwa ni mzima, ameoa, anadaiwa kodi mahali pengine.

Nilidhani mambo yameisha. Jioni ya Jumapili ile nilimkuta kwenye kigoda chake na nikamwambia hivyo, kwa bashasha.

"Wamecheka leo," akasema. "Wale wamecheka kwa sababu ya Masanja. Mwakani atakuja mwingine asiyemjua Masanja."

"Sasa utafanyaje, Mama?"

"Ama nione, ama nikae ndani." Akafikiri kidogo. "Kukaa ndani siwezi."

Hata hivyo hakwenda mara moja. Uoga wa kisu haumtoki mtu kwa kuwa amekata shauri. Mwaka ukaisha, mimi nikafunga duka na kurudi Shinyanga mjini kwa sababu binti yangu Neema alianza sekondari, na tukawa tunaongea kwa simu. Kila nikimuuliza, alikuwa na sababu: mvua, mavuno ya karanga, bei ya nauli, bati linalovuja. Alikuwa hatembei kabisa asubuhi, aliniambia, na ungo aliuachia panya. Kisha siku moja akapiga yeye. Hakunisalimu. "Niko kwenye basi," akasema. "Kondakta anasema tumepita Kahama. Njoo stendi kabla sijabadili mawazo."

Nilimkuta stendi ameketi juu ya kifurushi chake, ameshikilia karanga mbichi za kumletea mke wangu, uso umemkauka. Nilimsalimia, "Shikamoo, Mama." Alinipapasa usoni kuhakikisha ni mimi. Usiku kwangu sikumsikia akikoroma, kwa hiyo najua hakulala. Asubuhi nikampeleka hospitali. Mlangoni pa chumba cha upasuaji alinishika mkono kwa nguvu mpaka muuguzi alipocheka na kumwambia Baba Neema haruhusiwi kuingia. "Namshikia mkono ili asikimbie yeye," Mama akasema.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye benchi. Muuguzi alivuta taratibu, akasafisha, akamwambia afumbue. Mama akafumbua jicho moja lile lililofanyiwa, akaliacha wazi, akaangalia ukuta. Akaangalia mikono yake, juu na chini. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema.

Muuguzi akampa miwani myeusi na masharti: asisugue jicho, asiingie kwenye moshi, asinyanyue kitu kizito, na kwa wiki kadhaa asiiname kabisa. Mama akamwahidi yote. Tukatoka. Njiani alikuwa haachi kuongea. Alisema shati langu kumbe ni la kijani, yeye alidhani ni chafu. Alisoma kwa sauti kila kibao. Alisimama mbele ya wauza vitenge akawaambia rangi zao kama vile wao hawazijui, na mimi nilikuwa namfuata nimeshika kifurushi, na sijui kama nimewahi kufurahi vile barabarani.

Tulipofika kwa muuza ndizi akanisimamisha kwa mkono. Akavuka barabara, bodaboda ikampigia honi, mimi nikafuata nikiomba radhi kila upande. Akasimama karibu na bajaji zilizokuwa zimepangwa foleni.

"Hapo," akasema. "Mbele ya kiatu chako."

Niliangalia. Niliona udongo mkavu, ganda la muwa na alama za matairi. "Sioni kitu, Mama."

"Nimekatazwa kuinama. Inama wewe."

Nikainama. Hata nilipokuwa chini ilinichukua muda kuiona. Ukingo tu wa sarafu ndio uliokuwa nje, mwembamba wa kucha, umekauka ndani ya tope lililokanyagwa tangu mvua za mwisho. Nikauchokonoa kwa ufunguo. Ilikuwa mia tano, nyeusi kwa udongo.

Mama akanyoosha shingo. "Nani kaangusha?" akauliza kwa sauti, katikati ya mji wa Shinyanga, ambako hakuna mtu anayeuliza swali kama hilo.

Mwanamume mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bajaji akageuka. "Mimi, Bibi. Imenidondoka sasa hivi."

Nilimwonyesha lile tope lililokauka juu ya sarafu. Nilikuwa nasubiri ahojiwe, na nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Mpe," Mama akasema.

"Mama?"

"Mpe, Baba Neema."

Nikampa. Akaitia mfukoni bila hata kuifuta, akasema asante Bibi, akapotea sokoni haraka haraka. Nilikasirika, sifichi.

"Mama, yule mwongo. Hela ilikuwa imeota mizizi pale."

"Najua."

"Sasa?"

Alikuwa anatazama nyuma, ng'ambo ya barabara, kule kwa muuza ndizi, na miwani ile myeusi ilimkaa upande.

"Aliyeiona ni nani?" akauliza.

"Ni wewe."

"Nikiwa wapi?"

Nikaangalia na mimi ule umbali, bodaboda zikipita katikati. "Kule kwenye ndizi," nikasema.

"Basi," akasema, akainua kitenge chake kidogo, akapanda bajaji.